Kumwandaa Mwalimu wa Takwimu: Mifano ya Korogwe na Handeni

Katika shule nyingi za sekondari somo la takwimu huanza na jedwali lililokwisha kuchorwa. Mwanafunzi hupewa alama za mtihani za watu arobaini asiowajua, akatakiwa kuzipanga katika makundi, kutafuta wastani na kuchora histogramu. Kazi ikimalizika, jibu hulinganishwa na lile lililoko mwishoni mwa kitabu, na ukurasa hufunuliwa. Alama hizo zilitoka wapi, nani alizikusanya, na jibu lililopatikana linamsaidia nani kuamua jambo gani, ni maswali ambayo aghalabu hayaulizwi.

Mtaala ulioboreshwa mwaka 2023, ambao utekelezaji wake ulianza kwa awamu mwaka 2024, unadai zaidi ya hayo. Kama ule wa mwaka 2005 uliotangulia, unasisitiza umahiri, yaani uwezo wa kukitumia kile kilichofundishwa. Lakini kitabu kipya peke yake hakitaziba pengo lililopo baina ya azma hiyo na mazoea ya darasani. Mwalimu aliyefundishwa takwimu kwa kanuni tupu atazifundisha kwa kanuni tupu, hata jalada la kitabu likibadilishwa. Kwa hiyo hapana budi maandalizi yake yaanzie kwenye takwimu halisi, na hizo hazina haja ya kuagizwa kutoka mbali. Wilaya za Korogwe na Handeni, mkoani Tanga, zinazo za kutosha muhula mzima.

Vijiji viwili vya Korogwe

Mji wa Korogwe uko kando ya mto Pangani, chini ya milima ya Usambara. Walimu wanaofunzwa katika Chuo cha Ualimu kilichopo mjini humo huiona milima hiyo kila siku. Si wote watambuao kwamba milima hiyo ni somo la takwimu lililosimama wima. Kadiri mtu anavyopanda, ndivyo hewa inavyozidi kuwa baridi, na baridi huwapunguza mbu wa anofelesi na kuchelewesha ukuaji wa vimelea vya malaria ndani ya miili yao. Watafiti waliopima maambukizo katika vijiji sita vya Usambara, kuanzia mita 300 hadi mita 1,650 juu ya usawa wa bahari, walichapisha mwaka 2003 kwamba kiwango cha maambukizo cha tambarare kilizidi kile cha juu milimani zaidi ya mara 1,000.

Tarakimu hiyo humfaa sana mwalimu. Mwanafunzi akiambiwa achore chati ya mihimili, na mhimili wa kijiji cha juu akaupa urefu wa milimita moja, basi ule wa kijiji cha chini utahitaji karatasi yenye urefu wa zaidi ya mita moja. Hapo ndipo skeli ya logi, ambayo wengi huikariri bila kujua kazi yake, hupata maana.

Utafiti mwingine ulifuatilia vijiji viwili vya eneo hilo, kimoja cha tambarare na kingine cha milimani, tangu 2003 hadi 2008. Mwaka 2003, katika kijiji cha tambarare, asilimia 78.4 ya waliopimwa walikutwa na vimelea vya malaria katika damu. Katika kijiji cha milimani walikuwa asilimia 24.7. Mwanafunzi mwepesi wa hesabu atajumlisha, atagawa kwa mbili, na kusema kwamba malaria ya eneo hilo ni asilimia 51.6 hivi. Hesabu hiyo haina kosa la kujumlisha, wala haielezi kijiji chochote kile. Afisa atakayegawa dawa kwa kufuata wastani huo atakipunguzia kijiji cha chini na kukizidishia cha juu. Zaidi ya hayo, wastani wa namna hiyo hudhani kwamba vijiji vyote viwili vina watu sawa, jambo ambalo halikuulizwa.

Kufikia mwaka 2008 kiwango kilikuwa kimeshuka mpaka asilimia 13.0 katika tambarare, na asilimia 3.1 milimani. Mshuko huo ni mkubwa, na kila mwenye mtoto atafurahi kuusikia. Maswali mawili, hata hivyo, hayana budi kuulizwa kabla ya kushangilia. Je, yawezekana tofauti hiyo imetokana na bahati tu ya nani alipimwa na nani hakupimwa? Na kama ni ya kweli, imesababishwa na nini?

Maharage ishirini

Swali la kwanza haliwezi kueleweka kwa maneno matupu. Linahitaji mikono, na vifaa vyake vinapatikana jikoni. Mwalimu achukue maharage 870 meupe na 130 mekundu, ayachanganye vizuri katika ndoo. Ndoo hiyo ni kijiji cha tambarare cha mwaka 2008: asilimia 13 ya maharage yake yana “vimelea”. Kila mwanafunzi afumbe macho, atoe maharage 20, ahesabu mekundu, aandike ubaoni, kisha ayarudishe na kuchanganya tena.

(Maharage mekundu na meupe yawe na ukubwa mmoja. Yakiwa makubwa kuliko mengine, vidole vitayachagua, na hilo nalo ni funzo. Baadhi ya walimu wataona vema kulifanya kosa hili makusudi katika mzunguko wa pili, wakawaacha wanafunzi waligundue wenyewe.)

Wengi watapata maharage mekundu mawili au matatu, kama inavyotarajiwa. Lakini wachache watapata matano au sita, yaani asilimia 25 hadi 30, na katika darasa la wanafunzi 50 inatarajiwa kwamba watatu hivi hawatapata hata moja. Watatu hao wangekuwa wapimaji waliotumwa kijijini kuwapima watu ishirini, wangerudi na taarifa kwamba malaria imekwisha. Hawakudanganya, wala hawakukosea kuhesabu. Sampuli yao ilikuwa ndogo. Zahanati ingeweza kupunguziwa dawa kwa sababu ya taarifa kama hiyo, na watoto wangeendelea kuugua.

Baadaye wanafunzi kumi kumi waunganishe hesabu zao ili kila kundi liwe na maharage 200. Sasa majibu mengi yataangukia kati ya 17 na 35, yaani asilimia 8.5 hadi 17.5. Mtawanyiko umepungua, lakini haukupungua mara kumi kama sampuli ilivyoongezeka. Umepungua mara tatu na kidogo tu, ambayo ni kipeuo cha pili cha kumi. Atakaye usahihi mara kumi hana budi kupima watu mara mia. Mwanafunzi aliyeiona kanuni hii ubaoni kwa maharage aliyoyahesabu mwenyewe haisahau upesi, na anayo njia ya kulijibu swali la kwanza: sampuli ya watu mia mbili ikitolewa kwa haki, hakuna bahati iwezayo kuigeuza asilimia 78 kuwa 13.

“Ikitolewa kwa haki” ni maneno ya kukaziwa. Mwanafunzi anayetaka kujua kiwango cha malaria kijijini kwao kwanza hufikiria kwenda zahanati. Lakini waendao zahanati ni wagonjwa, na asilimia ya wagonjwa wenye malaria si asilimia ya wanakijiji wenye malaria. Tena daftari za wagonjwa ni siri yao. Mwalimu anaweza kuomba jumla za mwezi, si majina.

Swali la pili, la sababu, ni gumu zaidi, na hapa vitabu vingi vya shule hunyamaza. Watafiti wa vile vijiji viwili walitaja mambo kadhaa yaliyotokea kwa pamoja: wahudumu wa afya waliofunzwa walitoa matibabu vijijini, vyandarua vyenye dawa vilipatikana zaidi, na mbu nao walipungua. Kipi kilifanya kazi kubwa kuliko vingine? Kulinganisha kabla na baada hakuwezi kutenganisha sababu zilizokuja siku moja.

Njia ya kuzitenganisha ni kura. Korogwe ilikuwa moja ya vituo 11, katika nchi saba za Afrika, vilivyoijaribu chanjo ya malaria iitwayo RTS,S kati ya mwaka 2009 na 2014. Kituo kingine cha Tanzania kilikuwa Bagamoyo. Watoto 15,459 waliandikishwa. Kura ndiyo iliyoamua nani apate chanjo hiyo na nani apewe chanjo nyingine isiyo ya malaria. Kwa kuwa kura haijui mtoto yupi ana chandarua wala yupi anakaa bondeni, mambo hayo yaligawanyika karibu sawa pande zote mbili. Katika watoto walioanza wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17, na wakapata dozi nne, homa za malaria zilipungua kwa asilimia 36 hivi katika muda wa miaka minne. Maana yake ni kwamba palipotokea homa 100 kwa wasiochanjwa, zilitokea 64 kwa idadi ile ile ya waliochanjwa. Si kwamba watoto 36 katika kila mia walikingwa kabisa na 64 wakaachwa wazi. Kosa hili husikika hata kwa watu wazima wenye elimu. Mwezi Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumike.

Handeni: mipaka na mvua

Kusini mwa Korogwe iko Handeni, nchi ya Wazigua, ambako tatizo la takwimu ni la namna nyingine. Mwanafunzi akifungua matokeo ya sensa ya mwaka 2012 atakuta Handeni mbili: halmashauri ya wilaya yenye watu 276,646, na mji wenye watu 79,056. Akifungua sensa ya 1988 atakuta Handeni moja, ambayo ndani yake ilikuwamo nchi yote ya Kilindi; nchi hiyo ilimegwa kuwa wilaya mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2012 ilikuwa na watu 236,833. Atakayelinganisha Handeni na Handeni kwa kufuata jina tu atahesabu ongezeko la watu lisilo na maana. Hesabu iliyo halali huanza kwa kuzijumlisha sehemu zote tatu, zinazofikia watu 592,535, na kwa kutazama ramani kabla ya kutazama jedwali.

Sehemu kubwa ya Handeni ni kavu, na mkulima wa mahindi hutegemea masika na vuli. Hebu ichukuliwe mifano ya kubuni ya masika matano: milimita 180, 210, 190, 620 na 200. Wastani wake ni milimita 280. Namba ya katikati, yaani mediani, ni 200. Mkulima atakayechagua mbegu inayohitaji milimita 280 atavuna mwaka mmoja kati ya mitano. Masika yale yenye 620 yanaweza kuwa mwaka mmoja wa mafuriko, kama zilivyokuwa mvua za El Niño za 1997 na 1998, na mwaka huo mmoja huuvuta wastani juu bila kumnyeshea mkulima hata tone katika miaka iliyobaki.

Shule yoyote inaweza kupima mvua yake yenyewe. Kopo lenye kuta zilizonyooka, lililowekwa mahali pa wazi mbali na miti na paa, hutosha. Kina cha maji kwa milimita ndicho kiasi cha mvua. Lisomwe kila siku saa tatu asubuhi, saa inayotumiwa na vituo vya hali ya hewa, kisha limwagwe. Ugumu hautoki katika kopo bali katika daftari. Siku ambayo haikunyesha iandikwe sifuri. Siku ambayo hakuna aliyesoma iachwe na alama yake ya pekee, maana sifuri na pengo si kitu kimoja. Maji yatakayokutwa Jumatatu ni ya siku tatu, na daftari liseme hivyo.