Kimbunga Kinapobisha Hodi: Wajibu wa Familia ya Kikristo

Mwanzoni mwa Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitangaza kwamba kimbunga Hidaya kilikuwa kikisogea kuelekea pwani ya nchi yetu. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisitishwa, na wakazi wa mwambao wakaaswa kuchukua tahadhari. Tarehe 4 Mei kimbunga kilifika eneo la Mafia, kisha nguvu zake zikapungua. Hata hivyo, mvua kubwa zilizoandamana nacho zilileta mafuriko na kuikata barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi katika wilaya ya Kilwa. Siku iliyofuata ilikuwa Dominika ya sita ya Pasaka.

Kwa mwamini, siku kama hizo huzusha maswali mawili. Je, kujifungia ndani kwa hofu ya upepo ni uhaba wa imani? Na je, asiyekwenda kushiriki Misa Takatifu siku hiyo amevunja amri ya Kanisa?

Kumtumaini Mungu si kumjaribu Mungu

Vimbunga ni nadra katika pwani yetu, kwa kuwa tuko karibu na Ikweta, mahali ambapo mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuuzungusha upepo. Lakini nadra si kamwe. Mwaka 1872 kimbunga kiliangamiza mashamba ya mikarafuu ya Unguja, na mwaka 1952 kingine kiliupiga mji wa Lindi. Majirani zetu wamepata makubwa zaidi: Machi 2019, kimbunga Idai kiliupiga mji wa Beira, Msumbiji, na watu zaidi ya 1,000 wakapoteza maisha katika nchi za Msumbiji, Zimbabwe na Malawi.

Mbele ya hatari ya namna hiyo, wapo wanaosema kwamba Mwenyezi Mungu atawalinda, kwa hiyo hawana haja ya kuhama wala kujiandaa. Usemi huo una sura ya imani, lakini Injili yatufundisha jambo jingine. Shetani alipomtaka Yesu ajitupe chini kutoka kinara cha hekalu ili malaika wamdake, Bwana alikataa, kwa kuwa kujitia hatarini makusudi ni kumjaribu Mungu. Na mitume, mashua yao ilipopigwa na dhoruba katika ziwa la Galilaya, hawakulaumiwa kwa kuijua bahari wala kwa kuushika usukani. Walilaumiwa kwa kudhani kwamba Bwana aliyekuwa nao mashuani hakuwajali.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2288, yafundisha kwamba uhai na afya ni tunu tulizokabidhiwa na Mungu, nasi tunapaswa kuzitunza kwa busara. Baba anayepigilia upya misumari ya bati lake, na mama anayejaza madumu ya maji kabla ya mvua, wanatimiza wajibu huo.

Kubaki au kuhama

Uamuzi wa kwanza ni kujua kama nyumba yaweza kuwa kimbilio. Nyumba ya udongo iliyoezekwa makuti, nyumba iliyo bondeni, kando ya mto au karibu na ufuko, si mahali pa kungojea kimbunga. Familia ya namna hiyo ihame mapema, kungali mchana, iende mahali palipoelekezwa na viongozi wa kijiji au mtaa. Kusita hadi maji yafike mlangoni ni hatari, kwani maji yaendayo kasi, hata yakiwa na kina cha sentimita 15 tu, yaweza kumwangusha mtu mzima.

Wenye nyumba imara wanaweza kubaki. Ni vema wafahamu jinsi upepo unavyoezua paa. Upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake ya kusukuma huongezeka mara nne. Unapopita juu ya bati huivuta kwenda juu; na ukipata upenyo wa dirisha au mlango, huisukuma pia kutoka ndani. Ndiyo maana madirisha na milango hufungwa na kuimarishwa kwa mbao, na matawi makavu yaliyo juu ya nyumba hukatwa mapema.

Familia ikusanyike katika chumba cha ndani, mbali na madirisha. Umeme uzimwe kwenye swichi kuu. Simu ziwe zimechajiwa, na redio ya betri iwepo ili kupata taarifa. Vyeti vya kuzaliwa na vya ubatizo, kadi za matibabu na dawa za wagonjwa vifungwe ndani ya mfuko wa plastiki. Jiko la mkaa lisiwashwe kamwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwani hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini.

Jambo moja huwadanganya wengi. Katikati ya kimbunga kikali huwapo eneo lenye utulivu, liitwalo jicho la kimbunga. Likipita juu ya nyumba, upepo hukoma ghafla, na watu hutoka wakidhani hatari imekwisha. Baada ya muda upepo hurudi kwa nguvu kutoka upande wa pili. Basi, asitoke mtu mpaka mamlaka zitangaze kuwa hali ni shwari.

Kanisa la nyumbani

Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliiita familia Kanisa la nyumbani, na saa ya dhoruba hudhihirisha maana ya maneno hayo. Kanuni ya 1248 ya Sheria za Kanisa yaelekeza kwamba, pale ambapo sababu nzito inamzuia mwamini kushiriki Misa, anahimizwa sana kutenga muda wa kutosha wa sala, binafsi au pamoja na familia. Kimbunga ni sababu nzito. Mzazi anayebaki na watoto wake siku hiyo hajavunja amri. Asome nao Injili ya Dominika, wasali Rozari, wawaombee walioko baharini na wasio na makazi.

Wapo wenye desturi ya kuwasha mshumaa uliobarikiwa siku ya Kutolewa Bwana Hekaluni, tarehe 2 Februari. Ni desturi njema, mradi mshumaa usimamiwe na mtu mzima na uzimwe kabla ya kulala. Watoto nao wasifichwe ukweli. Waelezwe kwa upole kinachotokea, na wapewe kazi ndogo, kama kushika tochi au kuongoza fumbo moja la Rozari. Mtoto mwenye kazi huogopa kidogo.

Hatimaye, tukumbuke kwamba si kila familia ina watu wa kutosha. Yupo bibi anayeishi peke yake, yupo mlemavu asiyeweza kukimbia, yupo mama aliyejifungua juzi. Jumuiya Ndogondogo za Kikristo zinawajua hao kwa majina. Itakuwa vema kila jumuiya ipange sasa, mbingu zikiwa shwari, ni nani atakayembeba nani, na atampeleka nyumba ipi. Upepo ukishaanza kuvuma, hakuna atakayeweza kutoka kwenda kumgongea jirani mlango.