Mwizi wa Shamba Hauziwi Ndagala

Mama wa ndagala pale sokoni Mulongwe, hapa Uvira, aliponiona alifunika beseni lake kwa kitambaa. Nilidhani anakinga nzi. Nikatoa noti, nikaomba makopo mawili. Akaniangalia kuanzia viatu hadi kipara, kisha akasema: "Siuzishie mwizi wa shamba, Chefu. Enda ununue kwa wezi wenzako." Jirani zake walicheka. Yeye hakucheka.

Mimi ni mwalimu. Shamba pekee nililo nalo duniani ni matuta machache ya mihogo njia ya Kiliba, na hayo nayo viboko huyatembelea kabla yangu. Shamba ninaloshutumiwa kuliiba liko jukwaani. Siku mbili kabla, kwenye uwanja mmoja wa Kavimvira, nilikuwa nimecheza mchezo wa kuigiza nikiwa Chefu: bereti, miwani myeusi, na muhuri mfukoni, ule tunaouita kashe. Kwa kashe hiyo niliuza shamba la ndugu yangu mwenyewe akiwa bado ukimbizini.

Kwa msomaji asiyetoka huku, kisa hicho hakikubuniwa hewani. Kuanzia mwishoni mwa 2005, watu wetu waliokimbilia Tanzania walianza kurudishwa kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka. Wengi walikuta mashamba yao yanalimwa na wengine, ambao nao walikuwa na karatasi mkononi, tena yenye kashe. Ndipo maigizo shirikishi yalipopata kazi. Search for Common Ground, ambalo wengi walilijua kwa jina la Centre Lokole, lilikuwa mojawapo ya mashirika yaliyoutumia mtindo huo mashariki mwa Kongo. Chimbuko lake ni miaka ya 1970, kwa Mbrazili Augusto Boal. Mnacheza ugomvi wa kweli wa watu wa mahali hapo, mnausimamisha pale ulipokaza, halafu mnamwita mtazamaji apande achukue nafasi ya mhusika mmoja, ajaribu njia yake. Kundi letu lilikuwa dogo, la walimu na vijana wa kwaya. Tulicheza Sange, Luvungi, Makobola, popote tulipopewa lifti.

Nani awe mubaya? Hapo pana kazi. Ni kama Ijumaa Kuu parokiani: mitume kumi na mmoja hupatikana kwa dakika tano, Yuda hutafutwa wiki nzima. Nilichaguliwa kwa sababu nina sauti ya kunyamazisha wanafunzi sitini. Mama mkwe wangu alipopata habari alituma ujumbe kwamba mdomo huumba, na ukisema "mimi ni mwizi" mara mia, mara ya mia na moja mkono utakwenda wenyewe.

Nilimcheka. Wiki ya tatu ya mazoezi tulikuwa mezani, bugali na mukeke, nikataka chumvi. Sikuiomba. Niligonga meza kwa vidole viwili, tap-tap, kama Chefu anavyofanya anapotaka karatasi iletwe. Binti yangu wa miaka tisa akasukuma kichupa bila kuinua macho. Mama watoto akaacha kula. "Mwambie Chefu," akamwambia mtoto, "chumvi hii ni ya watu wa nyumba."

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kusoma mambo haya popote ninapoyakuta. Hofu ya mama mkwe si ya Uvira peke yake. Mwaka 1974 Wamarekani walichapisha Dungeons & Dragons, mchezo wa kukaa mezani ambapo kila mmoja hujitwalia mtu wa kubuni, shujaa au mchawi au muuaji, na kuamua kwa mdomo atendalo. Miaka ya 1980 wazazi na wahubiri wakaushutumu kwamba unawapeleka vijana kwa shetani na kwenye kujiua. Mwaka 1983 mama mmoja aliyefiwa na mwanawe akaunda chama cha kuupinga. Waliokwenda kupima kwa utaratibu hawakuona kwamba mchezo ndio unaoua.

Kuna pia jaribio ambalo walimu wa saikolojia wamelihubiri miaka mingi, la Chuo Kikuu cha Stanford, Agosti 1971: vijana 24 wanalipwa dola 15 kwa siku kuigiza gereza, wengine askari, wengine wafungwa. Lilipangiwa wiki mbili, likavunjwa siku ya sita kwa sababu askari walikuwa wametesa mno. Tuliambiwa: vaa sare, ukatili utakuja. Lakini askari aliyevuma kwa ukali alieleza baadaye kwamba aliamua kuigiza mtu wa kwenye filamu, na kanda za siku zile zinaonyesha askari wakihimizwa wawe wakali. Maana yake walikuwa na mwongozaji, kama sisi. Tofauti ni kwamba mwongozaji wetu hupiga makofi mawili mchezo ukiisha.

Kilichonigusa zaidi kilitoka Kanada. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster walichapisha jinsi walivyowalaza waigizaji ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawauliza maswali, mara wajibu kama wenyewe, mara kama Romeo au Juliet. Walipojibu kama wahusika, sehemu za ubongo zinazohusika na mtu kujifikiria mwenyewe zilipunguza kazi. Niliposoma hilo nikakumbuka vidole viwili na chumvi. Sikuwa nimeingiwa na uovu. Nilikuwa nimejisahau kidogo, na mahali niliposahau, mkono wa Chefu ukapita.

Tukaweka desturi. Mchezo ukiisha, bereti inavuliwa hadharani, kashe inakabidhiwa kwa mtunza hazina, nashuka ziwani kunawa uso, na wenzangu mmoja mmoja huniita kwa jina langu la ubatizo. Waliotupita kwa mbali walihitaji zaidi ya maji. Mwaka 2011 Milo Rau wa Uswisi alitengeneza Hate Radio, akiifufua jukwaani studio ya RTLM, redio iliyochochea mauaji ya kimbari Rwanda mwaka 1994. Nafasi ya mtangazaji Valérie Bemeriki alipewa Nancy Nkusi, Mnyarwanda aliyeyakimbia mauaji hayo akiwa mtoto. Jioni baada ya jioni alisema kwa kinywa chake maneno ya watu waliotaka afe. Sijui kama ningeweza, na mimi hapa nalalamika juu ya chumvi.

Katika kundi letu palikuwa na kijana aliyewahi kuwa kadogo, askari mtoto. Tulimpa nafasi ya mlinzi wa Chefu na bunduki ya mti. Aliishika vizuri mno: kidole hakikugusa mahali pa kufyatulia, bega lilikaa lilipopaswa kukaa, na macho yake yakaanza kuhesabu watu. Mazoezi yakasimama bila mtu kusema. Kesho yake aliomba kucheza bibi kizee. Tukamfunga kitenge, akatembea kwa fimbo, akatema mate kando, na uwanja mzima wa Sange ukalia kwa kicheko. Bunduki hatukumpa tena. Kwake yeye ule haukuwa mchezo.

Na wasikilizaji je? Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alifuatilia mchezo wa redio wa huku Kivu, Kumbuka Kesho. Mwaka 2010 akaandika kwamba pale mchezo ulipofuatiwa na kipindi cha kuwahimiza watu wajadiliane, wasikilizaji walizungumza zaidi, lakini pia walizidi kukumbuka chuki zao na kutovumiliana. Wahisani hawapendi kusikia hilo. Mimi nalisadiki, kwa sababu ya mama wa ndagala.

Alikuja tulipocheza tena. Mwongozaji alipouliza nani achukue nafasi ya Chefu na kurekebisha mambo, alipanda yeye, beseni akimwachia mwenzake. Nikamvika bereti. Sote tulingoja arudishe shamba. Akajaribu miwani. Akapulizia kashe pumzi, haa, kama karani wa miaka thelathini. Mwenye shamba akapiga magoti mbele yake, naye akatulia akimtazama, akiacha kimya kirefuke, hadi watu wakaanza kunong'ona. Kisha akaliuza. Tena kwa bei ya juu kuliko yangu, na juu yake akadai mbuzi. Uwanja ulipiga kelele hadi watu wakatoka njiani kuja kuona. Mwongozaji alimpigia makofi mawili, lakini mama akasahau kushuka. Ilibidi nimwombe kashe mara ya pili.

Jumamosi nilikwenda sokoni. Alinipimia makopo mawili, akasawazisha juu kwa kiganja pasibaki hata kichwa cha ndagala kilichozidi.

"Na matabishi, mama?" nikadai nyongeza yangu.

"Chefu hatoi matabishi," akasema, akagonga ukingo wa beseni kwa vidole viwili.