Mshubiri wa Mwamba wa Tororo: Mlinzi Asiyedai Maji

Askari aliyewahi kupangiwa zamu mpakani, awe Busia au Malaba, anaufahamu Mwamba wa Tororo hata kama hajapata kuukanyaga. Jiwe lile husimama peke yake juu ya nchi tambarare, kilele chake kikifikia kiasi cha meta 1,483 kutoka usawa wa bahari. Wataalamu wa miamba hutueleza kwamba ni koo la volkano ya kale: sehemu laini zilizolizunguka zilimomonyoka kwa mvua na upepo wa karne nyingi, likabaki jiwe gumu tulionalo leo. Wanaopanda hadi juu hupenda kutazama mbali, kuuona Mlima Elgon upande wa kaskazini-mashariki na nchi ya Kenya upande wa mashariki. Ni wachache wanaotazama karibu na miguu yao. Katika makala haya twawaomba ndugu zetu wa jeshi na polisi watazame hapo.

Katika nyufa za mwamba huo huota mshubiri mdogo, wenye majani manene yaliyotiwa madoadoa meupe, miiba mifupi kingoni, na maua mekundu yanayoning'inia kwenye kikonyo kirefu. Mwaka 1953 Gilbert Westacott Reynolds wa Afrika Kusini, mtu ambaye riziki yake ilikuwa kupima macho na kutengeneza miwani lakini moyo wake ulikuwa katika mishubiri, aliueleza mmea huo kwa wanasayansi na kuupa jina la Aloe tororoana, yaani mshubiri wa Tororo. Tangu wakati huo haujajulikana kuota porini mahali pengine popote duniani. Simba yupo katika nchi nyingi, na tembo vilevile. Bali mshubiri huu makao yake ni jiwe moja tu, nalo liko katika eneo la ulinzi wenu.

Basi tunayo mambo mawili ya kuzungumza: namna ya kuotesha mishubiri makambini na katika nyumba za polisi, na sababu ya kuuacha ule wa mwambani ulipo.

SHUBIRI NA SUBIRA

Jina la mmea huu lina mafunzo yake. Waswahili husema jambo ni chungu kama shubiri, na shubiri ni utomvu wa manjano utokao katika jani lililokatwa. Neno hilo limetoka katika Kiarabu, na huko shubiri na subira huandikwa kwa herufi zile zile za asili. Aliyeyaunganisha maneno hayo mawili alikuwa ameutazama mmea vizuri, kwa maana hakuna mmea uwezao kungoja kama huu.

Siri ya kungoja kwake ni kama kazi ya askari wa zamu ya usiku. Mimea mingi hufungua vitundu vidogo vya majani yake mchana ili ivute hewa, na kupitia vitundu hivyo hivyo jua huinyang'anya maji. Mshubiri hufunga milango yake mchana kutwa. Usiku, jua likishatua na hewa ikipoa, huifungua, ukavuta hewa na kuiweka akiba. Kukipambazuka hufunga tena, kisha hutumia mwanga wa jua kuigeuza akiba ile kuwa chakula. Maji yake huyatunza katika majani mazito yenye ngozi ya nta.

Lakini msomaji mwenye akili atauliza: Tororo na Busia si nchi kame. Mvua zake hupita milimita 1,000 kwa mwaka, na mabonde yake yana mpunga. Je, mmea wa ukame wafanya nini huko? Jibu liko katika jiwe lenyewe. Mvua inyeshapo juu ya mwamba mtupu, maji huteremka mara moja. Baada ya saa chache jua huuchoma kama kikaango. Mahindi ya bondeni yanapozama katika matope, mshubiri ulio juu yake waishi katika jangwa dogo. Kwa hiyo anayetaka kuotesha mshubiri katika sehemu hizi asihofu kiangazi. Adui yake ni maji yaliyotuama.

KUPANDA KAMBINI

Sisi wenyewe tulijifunza somo hili kwa hasara. Tulipoanza, tulipanda mishubiri minne katika madebe mazuri, tukayajaza udongo mweusi wa mtoni, tukamwagilia kila jioni kwa upendo mkubwa. Haukupita mwezi, majani yalilegea na kugeuka rangi ya kahawia. Sisi tukadhani ni kiu, tukaongeza maji. Tulipoing'oa, mizizi yote ilikuwa imeoza. Mishubiri ile tuliiua kwa wema.

Njia iliyo sahihi ni hii. Tafuta miche kwa jirani mwenye mishubiri ya bustani, au kwa wauza miche. Mishubiri mingi huzaa watoto pembeni mwa shina, kama ufanyavyo mgomba. Mtoto mwenye urefu wa kiganja hutenganishwa na mama yake kwa kisu safi, kisha hulazwa kivulini siku nne hadi saba ili kidonda kikauke. Asiyengoja kidonda kikauke atapanda uozo.

Udongo usiwe mzito. Changanya sehemu moja ya udongo wa kawaida, sehemu moja ya mchanga mnene wa mtoni, na sehemu moja ya kokoto ndogo au matofali yaliyopondwa. Kama ni debe, litoboe matundu kadhaa chini. Kama ni bustani, inua tuta liwe juu ya ardhi kwa kiasi cha sentimeta 20 au 30, au panda penye mteremko. Mawe meupe mnayoyapanga kandokando ya njia za kambi yanafaa sana kuzuia tuta lisibomoke.

Panda mche bila kuuzamisha, majani yote yabaki juu ya udongo. Usimwagilie kwa wiki nzima. Baada ya hapo, wakati wa kiangazi, maji ya kutosha mara moja katika wiki mbili au tatu yanatosha. Tia kidole udongoni, na kama kuna unyevu, ondoka. Mvua zikianza, weka ndoo yako stoo. Mche uliotoka kivulini usiuanike ghafla katika jua la mchana, uzoeshe kidogo kidogo. Majani yakigeuka mekundu-mekundu kwa ukali wa jua, usihangaike. Yatarudia rangi yake. Mbolea ya samadi iliyooza ukiitia kidogo mwanzoni mwa mvua, hiyo yatosha mwaka mzima.

Kagua mimea yako kama mnavyokagua silaha. Ukiona vijidudu vyenye magamba au vilivyojifunika pamba nyeupe katika makutano ya majani, vifute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Ukiona uvimbe wa ajabu, kama nyama iliyoumuka, kwenye majani au maua, kata sehemu hiyo na kuichoma moto, maana huletwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo huhamia mimea mingine. Shina likiwa laini na lenye harufu, kata hadi ufikie sehemu nzima, ukaushe, upande upya.

Maua yakichanua, ndege aina ya chozi watakuja wenyewe kunywa asali yake. Hao ndio wanaobeba chavua kutoka ua hadi ua, na kwa kuwa mishubiri mingi haizai mbegu kwa chavua yake yenyewe, panda zaidi ya mmoja.

Mmea huu wamfaa askari kuliko wengine kwa sababu nyingine. Askari ni mtu wa safari na uhamisho. Akipelekwa operesheni kwa mwezi mzima, mchicha wake atakuta umekufa, lakini mshubiri utamngoja. Na akihamishwa moja kwa moja, atakayepokea nyumba atakuta ua mlangoni.

TAHADHARI YA DAWA

Watu wengi huotesha mshubiri kwa ajili ya dawa, nasi tungependa kuonya. Aina inayotumika sana katika sabuni na mafuta ya ngozi ni Aloe vera, yenye asili ya Bara Arabu, na kilicho laini ndani ya jani lake si kitu kimoja na utomvu wa manjano ulio chini ya ngozi. Utomvu huo huendesha tumbo kwa nguvu na waweza kumdhuru mtu, hasa mama mjamzito na mtoto. Tena ziko aina za mishubiri ya Afrika Mashariki zenye sumu kali. Aloe ballyi ya Kenya na Tanzania ni mojawapo. Basi mshubiri usioujua usiunywe, hata kama rafiki yako ameapa. Mgonjwa na apelekwe zahanati. Wala usiuchanganye mshubiri na mnyaa, ambao hutoa maziwa meupe. Maziwa hayo yakiingia jichoni huumiza vibaya.

WAJIBU WA MLINZI WA MPAKA

Tangu mwaka 2018 kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilipozinduliwa, maofisa wa nchi mbili wamekuwa wakikagua mizigo mahali pamoja. Wengi wanajua kwamba pembe za ndovu ni haramu. Je, wangapi wanajua kwamba mishubiri nayo ina sheria? Katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, ambao Uganda na Kenya zote ni wanachama, mishubiri ya aina zote imo isipokuwa Aloe vera peke yake. Kuipitisha mpakani, iwe mizima au utomvu wake, kwahitaji kibali.

Kenya ilionja taabu ya jambo hili. Wakataji wa utomvu walipoingia porini kwa wingi, amri ya Rais ya mwaka 1986 ilizuia kuvuna mishubiri ya porini, lakini biashara ikaendelea kwa magendo. Mwaka 2007 zikatungwa kanuni za kuruhusu mishubiri iliyopandwa mashambani. Mkaguzi atakayefungua gunia na kukuta mabonge meusi ya kahawia, yanayong'aa kama lami iliyoganda na yenye uchungu usiosahaulika, na aulize kibali.

Na tukirudi kwenye Mwamba wa Tororo, hapo hesabu ni nyepesi na ya kutisha. Mmea ulioenea wilaya kumi waweza kupoteza wilaya moja, ukaishi. Mmea wa jiwe moja hauna pa kukimbilia. Moto mmoja wa uzembe, au magunia machache ya mtu mwenye tamaa, au hata askari mwema mia moja, kila mmoja akichukua mche mmoja tu wa kupamba mlango wake, yatosha kuleta msiba usiorekebishika. Tena mishubiri huchanganya damu kwa urahisi. Kwa hiyo mtu asipande aina nyingine mwambani akidhani anaupamba.

Ndugu askari, pandeni mishubiri makambini, mpande mingi, muitunze kwa subira na kwa maji machache. Ule wa mwambani muulinde pale pale ulipo. Siku mtakapopata ruhusa mkapanda juu kutazama nchi, inameni kidogo, muyaone maua yale mekundu kati ya mawe, kisha mteremke mikono mitupu.