Usiuze mbuzi kupata nakala ya faili

HUENDA wewe, msomaji, unaishi Umoja, Kangemi au Kawangware, na kila Desemba hupanda gari kwenda Masimba kuwasalimu wazee. Shamba ulikolelewa bado limeandikwa jina la babu katika sajili ya serikali, ingawa babu alizikwa kitambo. Siku moja ndugu watakaa kikao cha kugawana, na mmoja wao atauliza: "Stakabadhi ziko wapi?" Hapo ndipo safari ya kutafuta nakala huanza, na hapo ndipo pesa huanza kumwagika.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika nchi ya Gusii msemo huu si wa kupambia hotuba. Mashamba yamegawanywa kutoka kwa babu hadi kwa baba, kutoka kwa baba hadi kwa wana, mpaka mengine yamebaki vipande vyembamba vyenye mistari michache ya majani chai na migomba ya ndizi. Pahali kama hapo, mpaka ukisogezwa hatua tano, kuna mtu atakosa mahali pa kujenga nyumba. Mwenye karatasi hulala usingizi. Asiye nayo hukesha.

Tuchukue mfano wa mjane anayetaka kurithi shamba la marehemu mumewe. Atahitaji cheti cha kifo. Atahitaji barua ya chifu inayowataja warithi. Atahitaji pia cheti cha upekuzi wa ardhi, ambacho wengi hukiita "sachi", kuonyesha shamba limesajiliwa kwa jina la nani, lina ukubwa gani, na kama limewekewa zuio au rehani ya benki. Bila hizo, kesi ya urithi haisongi mbele. Hakuna hata moja kati ya karatasi hizo anayoweza kujiandikia. Zote zimo mikononi mwa serikali.

Bei ya karatasi na bei ya njia

Ukitazama ada iliyo katika vitabu vya serikali, huenda usione cha kulalamikia. Kwa miaka mingi cheti cha kuzaliwa kilitozwa shilingi 50, na sachi shilingi 500. Barua ya chifu haina ada yoyote. Lakini ada hizi nazo hupanda. Mnamo Novemba 2023, serikali ilitangaza kuwa cheti cha kuzaliwa kingetoka shilingi 50 hadi 200, na kitambulisho cha kwanza, ambacho kilikuwa cha bure, kingetozwa shilingi 1,000. Wananchi walipiga kelele nchi nzima, hata ikabidi ada hizo zirudishwe kwanza kwa umma utoe maoni.

Kuna pia vidogo vidogo visivyoonekana. Wanaolipia huduma kupitia eCitizen waliongezewa shilingi 50 za "usumbufu mdogo wa kurahisishiwa kazi". Mwaka wa 2025, katika kesi iliyohusu pia karo ya shule kulipwa kwa njia hiyo, Mahakama Kuu ilisema kuwa nyongeza hiyo haikuwa na msingi wa kisheria.

Hata hivyo, mzigo mkubwa zaidi haumo katika ada. Mtu wa Masimba anayetaka sachi faili yake iko katika afisi ya ardhi mjini Kisii. Akiambiwa arudi kesho, amelipa nauli mara mbili. Akiambiwa faili haionekani, amelipa mara tatu, na siku tatu za kuchuma chai zimepotea. Hapo hujitokeza kijana mwenye bahasha kwapani anayemnong'oneza kwamba yeye "anajuana na watu wa ndani". Mama huuza mbuzi ili alipe pesa ambazo hazitaandikiwa risiti, kwa karatasi ambayo bei yake halisi haitoshi kununua kuku wawili.

Je, broka huyu hupata wapi nguvu? Huipata pale ambapo mwananchi hajui mambo matatu: bei halali ya nakala, muda ambao afisi imepewa kuitoa, na mahali pa kushtaki. Ukiyajua hayo matatu, umemnyang'anya chakula chake.

Sheria inasemaje?

Kifungu cha 35 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Mwaka wa 2016 Bunge lilipitisha Sheria ya Kupata Habari ili kuitia haki hiyo miguu.

Ni vyema, msomaji, utenganishe aina mbili za rekodi. Aina ya kwanza ni zile zenye sheria na ada zake maalum, kama vyeti vya kuzaliwa na vya kifo, na rekodi za ardhi. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka wa 2012 inampa mtu haki ya kupata sachi na nakala zilizothibitishwa akishalipa ada iliyowekwa. Hapa unalipa kilichoandikwa, basi.

Aina ya pili ni habari nyingine zote: mkataba wa barabara ya kijijini, bajeti ya zahanati, orodha ya waliopewa basari. Hapa sheria ya 2016 inasema wazi kuwa hakuna ada ya kuwasilisha ombi. Ukikubaliwa, afisi inaweza kukutoza, lakini kiasi kisizidi gharama halisi ya kutoa nakala na kukufikishia. Kwa lugha nyepesi, unalipia karatasi, wino na stempu. Hulipii ruhusa ya kujua. Karani akikudai maelfu ya pesa kwa kurasa kumi, mwombe akupe hesabu hiyo kwa maandishi.

Tena, yapo mambo ambayo hukupasa hata kuyaomba. Sheria hiyo inazitaka afisi za umma zitangaze zenyewe habari muhimu, ikiwemo mikataba zinayotia sahihi. Sheria si jambo la makaratasi tu. Mwaka wa 2022, baada ya wanaharakati kunyimwa mikataba ya reli ya SGR, Mahakama Kuu mjini Mombasa iliamuru itolewe. Novemba mwaka huo huo, waziri wa uchukuzi Kipchumba Murkomen akatoa sehemu ya mikataba hiyo.

Majirani zetu wana utaratibu tofauti. Nchini Uganda, kanuni za mwaka wa 2011 ziliweka ada ya shilingi 20,000 za huko kwa anayeomba habari. Na usidhani mataifa tajiri hayana shida hii. Nchini Marekani, mahakama za shirikisho hutoza senti 10 kwa kila ukurasa wa rekodi zinazosomwa kwa kompyuta. Mashirika matatu yalishtaki mwaka wa 2016, yakisema pesa hizo zilizidi gharama na zilitumika kwa mambo mengine. Kesi iliishia kwa mapatano ya dola milioni 125, yaliyoidhinishwa mwaka wa 2024. Funzo ni kwamba kule nako ilibidi watu wadai hesabu.

Ukifika dirishani

Kwanza, hakikisha unaenda afisi inayofaa. Mji wa Keroka, jirani ya Masimba, umekatwa na mpaka wa kaunti mbili. Shamba lililo upande wa Nyamira lina faili Nyamira, na lililo upande wa Kisii lina faili Kisii. Andika nambari kamili ya shamba kabla ya kutoka nyumbani, maana wengi hupoteza nauli kwa kutaja jina la babu peke yake.

Pili, uliza ada kabla ya kulipa, na udai risiti. Pesa isiyo na risiti si ada. Hiyo ni chai.

Tatu, kwa rekodi za aina ile ya pili, andika barua. Sheria inakuruhusu kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyeweza kuandika anaruhusiwa kueleza kwa mdomo, na ni wajibu wa afisa kuyaandika maneno yake na kumpa nakala. Baki na nakala yako iliyogongwa muhuri na tarehe.

Nne, hesabu siku. Afisi ina siku 21 za kukujibu. Jambo likihusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Ukikubaliwa na ukalipa, unapaswa kukabidhiwa habari hizo katika muda wa siku mbili za kazi.

Tano, ukikataliwa au ukitozwa kupita kiasi, unaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Kiutawala, inayojulikana zaidi kama Ombudsman, katika muda wa siku 30. Afisa anayekataa kupokea ombi anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 50,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi mitatu, au yote mawili.

Nawe mwanafunzi unayesoma haya, likizo ikifika usikae tu ukitazama simu. Keti na nyanya, mfungulie lile sanduku la stakabadhi, andika nambari ya kila shamba kwenye daftari, kisha mwandikie ile barua. Itakugharimu nusu saa, na mbuzi wake atabaki zizini.