Kuhamia Mombasa kwa kazi: jinsi ya kupata nyumba isiyomeza mshahara

Anayepata kazi Mombasa mara nyingi hupewa siku chache tu za kuripoti. Barua inasema Jumatatu, naye yuko Taveta, Kinango au Ganze, na mjini hana mtu ila jamaa anayeishi chumba kimoja na watoto wake. Katika haraka hiyo watu hukosea mara mbili: huchagua nyumba kwa kutazama kodi peke yake, au hutuma pesa kabla ya kuiona nyumba yenyewe. Kosa la kwanza humla mtu kidogo kidogo kila mwezi. La pili humla siku moja, akabaki hana nyumba wala nauli ya kurudi kwao.

Maelezo haya ni ya mgeni anayeingia kaunti kwa kazi, na pia ya mkazi anayetaka kuhama mtaa kwa sababu kazi yake imehamia upande mwingine.

Kazi iko upande gani wa maji?

Katikati ya Mombasa ni kisiwa. Daraja la Nyali linakiunganisha na Nyali na Kisauni upande wa kaskazini. Njia ya Makupa inaelekea Changamwe na Jomvu upande wa magharibi. Feri ya Likoni inavusha watu upande wa kusini. Kazi nazo zimegawanyika vivyo hivyo. Afisi na maduka mengi yako kisiwani, na bandari iko Kilindini. Viwanda, maghala ya makasha na Uwanja wa Ndege wa Moi viko upande wa Changamwe, na stesheni ya reli ya SGR iko Miritini. Hoteli nyingi zimefuata ufuo wa Nyali, Bamburi na Shanzu.

Kwa hivyo swali la kwanza ni kazi iko wapi, ndipo lifuate la nyumba za bei ya chini. Anayefanya kazi Changamwe anaweza kutafuta Chaani, Magongo, Mikindani au Miritini. Wa hoteli za kaskazini atafute Kongowea, Bombolulu, Mishomoroni au Kiembeni. Anayeishi Likoni na kufanya kazi Nyali huvuka maji mara mbili kila asubuhi. Abiria wa miguu hawalipi kwenye feri ya Likoni, lakini foleni ina bei yake kwa mwenye zamu ya saa kumi na mbili asubuhi.

Aina za nyumba

Chumba katika nyumba ya Kiswahili ndicho kodi yake huwa ya chini. Nyumba hizi zina ukumbi katikati, vyumba pande zote mbili, na choo, bafu na mahali pa kufulia uani, vinavyotumiwa na wapangaji wote. Bedsita ni chumba kimoja chenye choo na jiko lake ndani. Juu yake kuna nyumba ya chumba kimoja cha kulala na sebule. Mtu aliye peke yake anaweza kuanza na chumba, au kushirikiana na mfanyakazi mwenzake nyumba ya vyumba viwili wakagawana kodi. Wakishirikiana, ni vyema majina ya wote wawili yaandikwe kwenye mkataba, ili mmoja akiondoka asimwachie mwenzake mzigo wote.

Rahisi ghali

Tuchukue mfano wa mfanyakazi wa hoteli ya Nyali anayepokea shilingi 22,000 mkononi. Bei zinazofuata ni za kuonyesha hesabu tu. Kila mtu aweke zile alizozikuta mtaani.

Nyumba ya kwanza iko Mikindani, kodi shilingi 4,500. Maji hayafiki, hivyo atanunua mitungi mitatu ya lita 20 kila siku kwa shilingi 20 mtungi mmoja. Kwa siku 30 hiyo ni shilingi 1,800. Kwenda kazini atapanda matatu mbili na kurudi mbili, jumla shilingi 200 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 5,200. Nyumba ya shilingi 4,500 imekuwa ya shilingi 11,500, zaidi ya nusu ya mshahara wake.

Nyumba ya pili iko Kongowea, kodi shilingi 7,500, maji yamo ndani ya kodi, na kazini anaenda kwa miguu. Jumla ni shilingi 7,500. Tofauti ni shilingi 4,000 kwa mwezi, yaani shilingi 48,000 kwa mwaka. Mtu huyo huyo akihamishiwa kazi Changamwe, hesabu inageuka na Mikindani huenda ikawa bora.

Mbona basi wengi huchukua ile ya kwanza? Ni kwa sababu ya pesa za kuingilia. Wenye nyumba wengi hudai kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na amana ya mwezi mmoja, ile inayoitwa dipoziti. Kwa nyumba ya kwanza hiyo ni shilingi 9,000. Kwa ya pili ni shilingi 15,000, kabla hata ya godoro na jiko la gesi. Asiye na akiba hulazimika kuingia penye mlango mwepesi, kisha hushindwa kuweka akiba ya kutoka hapo.

Njia za kuepuka mtego huo zipo. Anaweza kukaa kwa jamaa mwezi wa kwanza au wa pili, akichangia chakula na maji, huku akiweka pesa za amana. Anaweza kumwomba mwenye nyumba apokee amana kwa awamu mbili, na makubaliano hayo yaandikwe. Anayehamia katikati ya mwezi aombe kulipa kodi ya siku zilizobaki tu.

Kuikagua nyumba

Nyumba ionwe kwa macho, ikiwezekana mara mbili: mchana, na tena jioni giza likiingia, ili ijulikane kama njia ya kutoka stejini ina taa na watu. Mvua ikiwa imenyesha ni bora zaidi, kwani paa linalovuja na uwanja unaofurika hujionyesha wenyewe. Nyumba iliyotazamwa wakati wa kiangazi huweza kuwa nyingine kabisa masika yakifika.

Maji yaulizwe kwa majirani, si kwa mwenye nyumba pekee. Je, bomba hutoka siku ngapi kwa wiki? Kuna tangi au kisima? Maji ya kisima ni ya chumvi au yanafaa kupikia? Kuhusu stima, aulize kama nyumba ina mita yake au wapangaji wanachangia tokeni moja. Mita ya pamoja huleta ugomvi pale jirani mmoja anapokuwa na friji na mwingine taa moja tu. Choo cha pamoja kihesabiwe: ni milango mingapi inayokitumia, na nani hulipia kikijaa?

Kabla ya kutuma pesa

Matapeli hupiga picha za nyumba nzuri, wakazitangaza mtandaoni kwa bei ya chini kuliko mtaa mzima, kisha wakamwambia mteja kuwa watu wengine watatu wanaitaka, atume amana leo. Mteja akifika hukuta nyumba ina mtu, au wenzake kadhaa wamelipia mlango huo huo. Dalili ni zile zile kila mara: bei isiyoaminika, haraka, mwenye nyumba anayesemekana yuko ng'ambo, na jina linalojitokeza kwenye M-Pesa lisilolingana na lile alilotaja.

Asitume chochote kabla ya kuingia ndani ya nyumba. Asiyeweza kusafiri amtume mtu anayemwamini akaione. Majirani waulizwe ni nani hukusanya kodi. Mombasa kuna nyumba nyingi zilizojengwa juu ya ardhi ya mtu mwingine, zile ziitwazo nyumba bila ardhi. Mpangaji anayeingia humo aulize kama kuna kesi au notisi ya kubomoa, asije akalipa amana leo na kuhamishwa kesho.

Ajenti naye awe na kitambulisho na afisi inayojulikana. Sheria ya Maajenti wa Nyumba, Sura ya 533, inataka wanaofanya biashara hiyo wasajiliwe na bodi yao. Aliyetapeliwa apige ripoti kituo cha polisi akiwa na ujumbe wa M-Pesa, picha za tangazo na namba ya simu ya tapeli, na asiondoke bila namba ya OB.

Mkataba na risiti

Mkataba wa ukurasa mmoja unatosha. Uandikwe majina na namba za vitambulisho, kodi na tarehe ya kulipa, kiasi cha amana, nani analipia maji na taka, notisi ya kuhama ni ya muda gani, na ni lini amana itarudishwa. Siku ya kuingia, mpangaji apige picha za kuta, madirisha, sinki na kufuli, amtumie mwenye nyumba siku hiyo hiyo. Picha hizo ndizo zitakazomtetea siku ya kutoka, akiambiwa alivunja kioo alichokikuta kimevunjika. Kila malipo yawe na risiti au ujumbe wa simu, na ujumbe huo usifutwe.

Mzozo ukitokea

Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya makao yanayofikika na yanayofaa, yenye viwango vya kuridhisha vya usafi. Kwa nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, ina baraza maalum la kusikiliza kesi. Huko mwenye nyumba hawezi kumtoa mpangaji bila amri. Wengi wa vyumba vya kodi ndogo hawajui kuwa kinga hiyo ni yao.

Anayenyimwa amana anaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa na sheria ya 2016. Mahakama hiyo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, mtu anaweza kujitetea bila wakili, na sheria inataka kesi imalizwe ndani ya siku 60. Kabla ya kufika huko, mizozo mingi hupatanishwa kwa chifu au na wazee wa mtaa.

Maswali ya kubeba siku ya kwenda kuona nyumba

1. Kodi, nauli na maji kwa pamoja ni kiasi gani kwa mwezi?
2. Pesa za kuingilia ni ngapi, na amana itarudishwa lini?
3. Maji hutoka siku gani, na mita ya stima ni ya nani?
4. Ni nani hasa mwenye nyumba, na je, ardhi ina mzozo?
5. Jina la anayelipwa linalingana na lililo kwenye mkataba?
6. Njia ya kutoka stejini ikoje usiku?

Swali lolote kati ya haya likikosa jibu, pesa zibaki mfukoni hadi lipatikane.