Fahamu: Dhahabu na kauri, sifa na matumizi yake

Dhahabu ni metali, ilhali kauri ni mchanganyiko wa udongo mweupe uitwao kaolini na madini kama feldspa na kwatzi, unaochomwa kwa joto la takriban nyuzi 1,200 hadi 1,400 za Selsiasi hadi uwe mgumu na usiopenyeza maji.

Sifa na kazi zake

Dhahabu haishiki kutu, nayo ni laini kiasi kwamba gramu 1 yaweza kufuliwa ikawa utando wa karibu mita 1 ya mraba. Ndiyo maana sonara huichanganya na shaba au fedha, hivyo karati 18 ina asilimia 75 tu ya dhahabu. Kwa kuwa hupitisha umeme vizuri, hupakwa kwenye viungio vya simu na kompyuta, ilhali kauri, inayouzuia, hutengenezewa vihami vya nguzo za umeme.

Zilipokutana

Johann Friedrich Böttger, aliyezuiliwa na mtawala wa Saxony ili atengeneze dhahabu, aliishia kugundua namna ya kutengeneza kauri, na kiwanda kikaanzishwa mwaka 1710. Hata hivyo, China ilikuwa imeimudu kazi hiyo karne nyingi kabla, na Waswahili, ambao mji wao wa Kilwa ulitajirika kwa dhahabu ya Sofala, walipachika mabakuli ya kauri ya Kichina kwenye makaburi ya Kunduchi, ushahidi wa thamani kuhusu biashara ya pwani.

Tahadhari

Sahani ya kauri yenye ukingo wa dhahabu haifai kuwekwa kwenye maikrowevu, kwani metali hiyo huweza kutoa cheche.