Nanganga hadi Dodoma: Treni ya Umeme au Basi Mpaka Mwisho?

Ukiwa njia panda ya Nanganga unasubiri basi la kutoka Masasi, na mwisho wa safari yako ni Dodoma, usianze kwa kuuliza viti. Uliza basi linashushia wapi Dar es Salaam. Kwenye kuvuka jiji ndiko pesa za wasafiri wa kusini zinakovuja.

Nauli ya kufika Dar haina siri. Viwango vya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, vilivyoanza Desemba 2023 ni shilingi 48.47 kwa kilomita kwa basi la kawaida na 67.84 kwa daraja la kati. Yaani kila kilomita 100 ni kama 4,850 au 6,800. Hesabu ianzie Nanganga, siyo Masasi. Wapo makondakta wakikukuta barabarani wanakutajia nauli ya safari nzima, kana kwamba umepandia stendi. Dai tiketi yenye jina la kituo ulichopandia.

Sasa Dar. Mabasi mengi ya kusini hushusha abiria Mbagala, ila mabasi ya Dodoma yanaondokea stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, upande wa pili kabisa wa jiji. Treni ya umeme, ya SGR, inaondokea katikati ya mji. Kwa hiyo anayeunganisha basi kwa basi ndiye mwenye mwendo mrefu zaidi wa mjini, wala siyo wa treni kama wengi wanavyodhani. Kama basi lako linaendelea hadi Mbezi, hesabu inageuka. Ndiyo maana uulize kabla ya kulipa.

Kutoka Mbagala kwenda stesheni, daladala ndiyo rahisi kuliko zote: viwango hivyohivyo vya 2023 viliweka 600 kwa safari isiyozidi kilomita 10 na 700 kwa kilomita 11 hadi 15. Ukiwa na begi kubwa jioni, utaliona hilo begi likilipiwa kama mtu. Njia ya mwendokasi ya barabara ya Kilwa inakufikisha Gerezani, jirani na stesheni. Mabasi yake yakiwa yanatembea, chukua hayo. Bodaboda ni ya mwenye mkoba mmoja, na bei mkubaliane kabla hujapanda. Bajaji ina maana mkiwa watatu.

Kuna anayeuliza kwa nini jiji hili halichimbi tu treni ya chini ya ardhi, kama Cairo walivyofanya tangu 1987, tukamaliza kero. Mimi siinunui hiyo. Kilomita moja ya handaki hugharimu mara kadhaa ya kilomita ya juu ya ardhi, na ikishakamilika bado inataka pampu za maji, feni za hewa na taa mchana kutwa. SGR yenyewe ilipofika katikati ya Dar ilipandishwa juu ya daraja refu. Na sisi wa kusini tunajua reli ya gharama isiyo na mzigo inaishia wapi: Waingereza walitujengea ya Mtwara hadi Nachingwea kwa ajili ya mradi wa karanga, mradi ukaachwa 1951, reli ikafungwa 1962, kisha ikang'olewa.

Turudi kwenye tiketi. SGR daraja la kawaida Dar–Dodoma ilitangazwa 31,000 mwaka 2024. Kwa basi, umbali ni kama kilomita 450: la kawaida linakuja karibu 22,000, la daraja la kati karibu 30,500. Kwa hiyo basi la daraja la kati halina sababu ya kukuvutia. Linakaribia bei ya treni na linakula saa nane hivi, wakati treni haizidi sana saa nne. Ushindani halisi ni treni dhidi ya basi la kawaida, na tofauti ni kama 9,000. Hiyo 9,000 hufidiwa na sahani moja ya chakula cha njiani, soda mbili, na nusu siku ya kazi unavyookoa kwa treni.

Lakini treni ina masharti. Kitambulisho lazima, mizigo inapita kwenye mashine ya ukaguzi, na gunia la korosho la kumpelekea shemeji halina pa kukaa. Mwenye mzigo apande basi. Watoto wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu SGR, chini ya hapo bure, kwa hiyo mama mwenye wawili asikimbilie basi kabla ya kupiga hesabu.

Usidanganyike pia kwamba ukishuka umefika. Stesheni ya Dodoma iko Mkonze, stendi ya mabasi iko Nanenane. Kote mbali na mji. Tenga elfu chache za bajaji.

La mwisho, la usiku. Basi la kusini likichelewa na treni ya jioni ikakupita, gesti ya Dar inameza ile faida yote. Asiyeweza kupanda basi la kwanza la asubuhi asikate tiketi ya treni ya siku hiyohiyo. Akate ya kesho yake, alale kwa ndugu.